Aliyekwisha Kuumwa

Mimi nilikuwa nimeshaumwa. Hilo ndilo lililotuponza, na sitaki mtu aje kunipoza kwa kuniambia vinginevyo.

Niliumwa mwanzo kabisa, wakati korona bado ni habari ya redioni. Siku kumi na tisa kitandani, mgongo kama umetwangwa, homa inapanda na kushuka, halafu nikapona. Daktari akaniambia mwili wangu sasa umeshajifunza. Sikumwuliza utakumbuka kwa muda gani, na sidhani kama angejua. Nilitoka pale kichwa kimevimba kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, kaka yangu mkubwa, mkewe na mimi. Kaka ni fundi umeme, kutwa yumo ndani ya nyumba za watu. Wifi anauza kwenye duka la dawa, mbele ya kila anayekohoa. Hao wawili walivaa barakoa hata sebuleni, wakavua chumbani kwao tu. Wala haukuwa woga wa bure. Mama alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha nguo, ukumbi wa mashine za kufumia, na kifua chake kilijaa vumbi la pamba. Daktari wake alishatuambia kitambo kwamba mama huyu hata mafua yanaweza kumwondoa.

Kiwanda kilichukua kifua, kikachukua na masikio. Mashine mia mbili zikigonga kwa pamoja kutwa nzima, miaka yote hiyo, unategemea nini? Alipostaafu alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa. Lakini wafumaji wana ujanja wao. Kwa kuwa mle ndani sauti haifai kitu, walizungumza kwa midomo mitupu. Unatamka neno bila sauti, mwenzako aliye mashine ya nne anakutazama mdomoni, analisoma, anacheka, anakujibu. Walikuwa wakimsengenya msimamizi naye amesimama pale pale katikati yao. Mama alikuwa bingwa wa mchezo huo, na sisi watoto tulikua tukizungumza naye hivyo. Ole wako udanganye! Anakukazia macho mdomoni mpaka uongo wenyewe unaona haya.

Maandishi ndiyo hajui. Aliingia kiwandani ana miaka kumi na minne. Barua amesomewa maisha yake yote.

Sasa fikiria mama wa namna hiyo, nyumba nzima imeziba midomo. Nilipokuwa nimelala naumwa chumba cha nyuma, yeye alikuwa anazunguka kati ya watu wawili wenye macho bila midomo. Kaka alijaribu kusimama nje na kumsemesha dirishani, wavu wa mbu ukamkata midomo vipande vipande. Tena siku hizi macho ya mama nayo yamechoka, hata akivaa miwani lazima uwe hatua mbili tatu. Kaka akajaribu simu ya picha. Mama akasema anaona pua tu, na pua yenyewe si ya kutazama. Mwanzoni walicheka. Baadaye mama akaacha kucheka, akaacha kumaliza sahani yake, akawa anakaa kiti kimeelekea ukutani.

Siku niliyopona nikaingia sebuleni uso mtupu. Nikamwambia, "Mama, shikamoo." Akalia palepale, akanishika taya kwa mikono miwili asijue aniachie vipi.

Jioni hiyo tukakata shauri.

"Wewe umeshaumwa," kaka akasema. "Huupati tena, kwa hiyo huwezi kumpa. Wewe ndiye utakayezungumza naye. Sisi tukiwa na neno tunakwambia wewe, unamfikishia."

"Yaani niwe msemaji wenu."

"Msemaji wa serikali," wifi akadakia, na jina likaniganda. Msemaji, mwambie mama dawa zake zimekuja. Msemaji, muulize mama nani amehamisha sufuria kubwa. Nami nikaipenda kazi hiyo, kwa nini nifiche? Kila jioni nilivuta kiti mbele ya mama, magoti yetu yanagusana, nikamwaga ya mjini yote. Alicheka mpaka anapaliwa. Nilijiona kama mimi ndiye niliyemrudisha duniani.

Kazini nako mambo yalikuwa hayohayo. Nafanya kazi kwenye duka la miwani. Nakata lenzi, nazisaga kwenye mashine inayotiririsha maji mpaka zikae kwenye fremu, kisha mteja anakuja kujaribishwa. Kumjaribisha mtu ndiko kunakotaka ukaribu. Unamsogelea mpaka unahesabu vinyweleo vya pua, unakunja mkono wa miwani nyuma ya sikio lake, unamwambia inama, inuka, tikisa kichwa. Wenzangu walikuwa wanaogopa. Mwenye duka, ambaye tunamwita Bwana Fremu kwa sababu huwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akasema, "Wewe ndiye utakayewajaribisha wote. Umeshapita huko." Nikawajaribisha wote. Barakoa ilikuwa inanitia ukungu kwenye miwani yangu mwenyewe, kwa hiyo mara nyingi iliishia kidevuni. Miezi minane nilikwenda hivyo, na hakuna lililonipata.

Jumamosi moja akaja mwalimu mstaafu, miwani yake imelegea inamteleza puani. Nikamkazia skrubu, nikamvalisha, akakohoa usoni pangu.

"Samahani mwanangu. Vumbi la chaki hilo, halijaisha tangu nistaafu."

"Mwalimu, kohoa tu," nikamwambia. "Mimi huniwezi. Nimeshaumwa."

Tukacheka wote wawili. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Jumanne koo likaanza kuwasha. Nikasema ni unga wa lenzi. Jumatano mchana nilikuwa kwenye mashine, maji yananirukia mikononi kama siku zote, nikasikia baridi ikipanda kutoka kwenye viganja hadi mabegani. Kisha mgongo. Mtu anaweza kusahau sura ya jirani, lakini maumivu yale ya mgongo siwezi kuyasahau. Yalikuja yakakaa mahali palepale, chini ya mbavu. Kijasho chembamba kikanitoka. Lenzi ikanichomoka ikapasuka ndani ya mashine, na Bwana Fremu akapiga kelele kutoka mbele, "Vipi huko?" Nikajibu, "Salama."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitetea. Haiwezekani, umeshaumwa. Ni uchovu. Ni mafua ya kawaida, watu bado wanapata mafua ya kawaida jamani. Nusu ya kichwa ilikuwa inasema hivyo, na nusu ya pili ilikuwa imenyamaza kimya, imenitazama. Ile iliyonyamaza ilikuwa inajua.

Nilipofika, mama alikuwa ameshaweka viti vyetu. Viwili, vinatazamana. Ningeweza kusema naumwa kichwa, nikaenda kulala. Ningeweza kuchukua barakoa mfukoni, ilikuwa mfukoni, nilikuwa naigusa kwa vidole. Lakini nilijua nikiivaa mbele yake sura yake itakuwaje, nikakumbuka kile kiti kilichoelekea ukutani. Nikasema leo tu, kesho nitapima. Nikavuta kiti nyuma kidogo, kama kwamba korona inapimwa kwa mguu wa kiti. Nikakaa uso wazi, nikamhadithia habari za mteja aliyekalia miwani yake mwenyewe, na mama akanishikilia pale zaidi ya saa nzima. Kila nikitaka kuinuka anasema, "Bado. Niambie lingine." Nilimwambia lingine.

Alhamisi nikaenda kupima. Kijana wa maabara, mwembamba, macho mekundu kwa uchovu, akaniita nje kwenye benchi.

"Unao."

"Haiwezekani. Niliumwa miezi minane iliyopita. Nilipimwa hapahapa."

"Basi umeupata tena."

"Kaka, angalia vizuri. Mtu haupati mara mbili."

"Dada," akasema bila ukali wowote, "mimi sipimi kinachowezekana. Napima kilichomo puani mwako."

Sikufikiria mgongo wangu wala homa yangu. Niliona vile viti viwili. Nikampigia kaka simu nikiwa bado kwenye benchi, na alipoitika nikauliza, "Mama mzima?"

"Mzima, anapepeta mchele. Kuna nini?"

Nikamwambia. Akauliza, "Jana ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikaingia chumba cha nyuma kwa mlango wa uani nikajifungia. Jioni ilipofika nikasikia miguu ya mama ukumbini, halafu akagonga. Mama akisema kwa sauti huwa anapayuka, kwa kuwa hajisikii.

"Fungua, mwanangu. Fungua nikuone."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ubao, kiganja kimegusa mlango. Nimjibu kwa njia gani? Sauti haimfikii. Mdomo hauoni. Ningeweza kupiga yowe mpaka majirani waje, na yeye asingepata hata neno moja.

"Fungua nikuone," akarudia. Akagonga tena, taratibu. Kisha wifi akaja akamwondoa kwa kumshika mkono, na mimi nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa hofu kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Ijumaa nilitega sikio ukutani, hakuna kitu. Jumamosi hakuna kitu. Nikaanza kumwahidi Mungu mambo, mengine siwezi kuyatimiza. Jumapili asubuhi nikasikia kikohozi kutoka chumbani kwake. Kifupi, kikavu, kimoja. Kikaja cha pili.

Jumatatu walimpeleka hospitali.

Jumanne saa sita mchana kaka akapiga simu akiwa nje ya geti la hospitali, maana ndani hawakumruhusu. Sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya mtu anayekimbia.

"Anavua ile barakoa ya hewa. Wanamvalisha, anavua. Amempiga nesi kofi. Kila anayekuja amefunikwa kutoka kichwani hadi miguuni, mama haelewi wanataka nini, anadhani wanamziba pumzi. Namba ya hewa kwenye damu yake inashuka, nayo inatakiwa ipite tisini. Daktari anasema ikiendelea hivi hawana la kufanya, watamfunga mikono. Ameuliza kama kuna mtu anayeweza kuzungumza naye."

"Wamwonyeshe mimi kwenye simu."

"Wamejaribu yangu. Picha inakwama kwama, midomo inaruka. Nimewaambia msemaji wake yupo, lakini anaumwa. Daktari akasema, anaumwa nini? Nikasema hiyohiyo. Akasema, basi mleteni, huku wote wanaumwa hiyohiyo."

Kaka alinipeleka vioo vya gari vimeshushwa vyote, mimi nyuma, yeye mbele, hatutazamani. Nilikuwa na homa, barabara inayumba. Hakuniuliza kama naweza kusimama, nami sikumwambia kwamba siwezi.

Wodi ilikuwa na ukuta wa kioo upande wa ukumbini. Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, amevaa mavazi yale meupe yanayochakarisha kama karatasi, akanipokea mlangoni.

"Ndani siwezi kukuruhusu uso wazi," akasema. "Lakini hapa nyuma ya kioo vua barakoa, mimi nitamsogeza."

"Miwani yake iko wapi?"

"Miwani ipi?"

"Mama haoni! Mnamwondolea miwani halafu mnashangaa anapiga watu?"

Nilimpayukia mwanamke wa watu, na wala hakukasirika. Akaenda akaitafuta kwenye mfuko wa nguo, akamvalisha, akaondoa breki za kitanda na kukisukuma mpaka ubavu wake ukagusa kioo. Niliyemwona pale alikuwa mama, lakini mdogo, kama amefuliwa akarudi. Midomo ya bluu. Ile barakoa ya plastiki ilikuwa imening'inia shingoni. Juu ya kichwa chake kulikuwa na mashine yenye namba: themanini na mbili.

Nikashusha barakoa yangu. Akaniona.

Nikatamka polepole, bila sauti, kama wafumaji: "Mama. Vaa hiyo. Ni hewa. Hawakuzibi, wanakupa hewa."

Alinitazama mdomoni, macho yake yakatua. Mkono ukaichukua barakoa, akaivaa mwenyewe. Themanini na nne. Themanini na saba. Nesi kule ndani akainua kidole gumba.

Kisha akaivua.

Alitaka kusema. Jamani, kwa nini sikulifikiria hilo! Mama hawezi kunijibu na mdomo umefunikwa. Mazungumzo yetu yote ni ya midomo, na kila neno lake lilikuwa linalipwa kwa pumzi.

"Usinijibu," nikamwambia. "Vaa. Mimi nitasema, wewe usiseme."

Akatikisa kichwa. Midomo ile ya bluu ikaanza kutembea, bila sauti, wazi kama mchana.

"Nilijua Jumatano."

"Vaa, mama!"

"Ulikuwa unavuta pumzi katikati ya neno. Midomo imekauka. Nikajua umeupata tena."

Themanini na tatu. Themanini na moja. Nesi akanyoosha mkono kuivalisha, mama akausukuma.

"Kwa nini hukuinuka?" nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza, midomo ilijisemea yenyewe. "Kwa nini ulinishikilia?"

"Nilijua utanifungia mlango," akasema. "Nikataka nishibe kwanza."

Sijui niliyaelewa maneno yale wakati ule au baadaye. Wakati ule niliona sabini na tisa, na taa nyekundu ikaanza kuwaka. Nikapiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Vaa! Vaa, nakuomba, vaa nikuhadithie! Ukivaa nitakwambia yote, sitanyamaza, vaa!"

Akavaa.

Nikaanza kuhadithia. Nikamwambia habari za kijana wa maabara na macho yake mekundu. Nikamwambia Bwana Fremu siku moja alitafuta miwani duka zima, na yote miwili iko mwilini mwake. Namba ikapanda, themanini na sita, themanini na tisa. Nikimaliza hadithi na kutulia kidogo, mkono wa mama unainuka kuelekea kwenye ule mpira wa barakoa, anataka kuuliza, anataka kuchangia, ndivyo alivyo. Nikarukia nyingine haraka. Nikatunga. Nikamwozesha Bwana Fremu kwa mjane wa duka la pili, nikawaachanisha, nikawarudisha. Nesi aliniletea kiti, nikakaa, nikaona kioo kinapata ukungu wa pumzi zangu, nikawa nafuta kwa kiwiko huku nasema. Jua lilitoka kwenye dirisha la kwanza la ukumbi likaenda la tatu.

Kikohozi changu kilikuwa kinasubiri. Nilikimeza mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu kikanikunja, na nilipoinuka midomo ilikuwa inatetemeka. Nikaendelea. Neno moja, pumzi. Neno moja, pumzi. Nesi alitoka, akanibana kidole kwa kile kifaa chao kidogo cha kupima hewa, akakisoma, akasema, "Dada, hata wewe umeshuka. Njoo ulale, kitanda kipo."

"Nikinyamaza atavua."

"Ukianguka hapa atavua vilevile."

Sikumgeukia. Nilikuwa namtazama mama, na mama alikuwa amenikazia macho mdomoni kwa namna ambayo sikuipenda. Hakuwa anasoma hadithi tena. Alikuwa anasoma midomo yenyewe.

Akainua mikono yote miwili. Nikapiga kelele, nadhani ukumbi mzima walisikia isipokuwa yeye. Lakini hakuivua. Aliishika barakoa pande zote mbili, akaikandamiza usoni, akauvuta mpira nyuma ya kichwa mpaka ukakaza. Namba ilikuwa tisini. Kisha akafumba macho.

Nesi akanishika bega. "Umeona? Analala. Njoo."

Hakuwa analala, nami nilijua. Mama akifumba macho, huna njia yoyote ya kumfikia. Alikuwa ananinyamazisha ili nikalale. Amejifungia humo ndani peke yake, gizani, bila hata uso mmoja, na ataogopa, na akiogopa hakuna atakayeweza kumwambia chochote mpaka mwenyewe aamue kufumbua.

"Mama," nikasema. "Nipo. Sijaondoka. Mama, tazama, nipo."

Kope hazikutikisika. Nikaendelea kulisema hilo hilo, kwa midomo, kisha kwa sauti, mpaka nesi na mwenzake wakaniinua kwenye kiti wakanipeleka kitandani.